Ritha wa Mifuko

Asubuhi hiyo nyumba ya Ritha pale Ngokolo ilijaa kelele. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ilitokota jikoni. Mtoto wao, Fredy, alitafuta kiatu. Mumewe, Stanslaus, alikuwa uani akijaza upepo baiskeli ya mteja. Aliimba vibaya kwa makusudi ili mkewe acheke. Ritha alicheka, akafunga kitambaa kichwani, akaenda kazini.

Alifanya kazi katika kiwanda cha suruali za jinzi. Kila mtu alikuwa na sehemu yake. Eufrasia alishona zipu. Zipora alishona viuno. Ritha alishona mifuko ya nyuma, mwaka baada ya mwaka, mpaka wenzake wakamwita Ritha wa Mifuko.

Siku hiyo mashine zilizimwa mapema. Meneja alisimama mbele yao.

"Ndugu zangu," alisema, "wenye kampuni wanahamishia kazi ng'ambo. Wanasema huko gharama ni ndogo. Mwisho wa mwezi tunafunga."

Eufrasia alikuwa na zipu mkononi. Aliifungua, akaifunga, akaifungua tena.

Jioni Ritha alimweleza mumewe. Stanslaus alifikiri kidogo.

"Kaka yangu yuko machimboni, Geita," alisema. "Wachimbaji wanatafuta mtu wa kuwapikia. Wakimpata mwingine, basi tena. Ni vizuri uondoke kesho."

"Na Fredy?"

"Atabaki na mimi."

Ritha aliinama. Hakuwa amewahi kulala mbali na mwanawe. "Sawa, Baba Fredy. Mimi najua mifuko tu. Nani atanunua mfuko usio na suruali?" Akaanza kufungasha nguo.

Mara wakasikia hodi. Alikuwa jirani yao Generosa, afisa maendeleo ya jamii wa kata. Alikuja kuchukua baiskeli yake. Akaliona begi.

"Mama Fredy, safari ya wapi?"

Ritha akamweleza yote.

"Kwani kiwanda kimeshafungwa?" Generosa aliuliza.

"Bado."

"Basi usiondoke! Ukiacha kazi mwenyewe, unaweza kupoteza haki yako. Si mlikuwa mnakatwa mchango wa hifadhi ya jamii?"

"Tunakatwa kila mwezi. Nilijua ni kwa ajili ya uzee."

"Ni kwa uzee, lakini kuna pia fao la kukosa ajira. Kazi ikiisha bila wewe kuiacha, na kama umechangia kwa muda uliowekwa, Mfuko wa hifadhi ya jamii unakulipa kila mwezi kwa kipindi fulani. Unapata pa kushika huku ukitafuta kazi nyingine."

Stanslaus aliangua kicheko. "Kumbe kuna mfuko ambao mke wangu hakuushona!"

"Upo," Generosa alisema, naye akicheka. "Lakini haukufuati nyumbani. Lazima uende ofisini kwao uombe. Waambie na wenzako. Na kuna jambo jingine. Serikali hulipia watu mafunzo ya ufundi. Nafasi zikitangazwa, nitakuja kukugongea. Mtu aliyeshona mifuko miaka yote hii atashindwa kushona suruali?"

Ritha alilitazama begi lake. Kisha akaanza kutoa nguo, moja baada ya nyingine. Fredy akamsaidia haraka haraka.

Alifanya kazi mpaka siku ya mwisho. Kiwanda kilipofungwa, yeye, Eufrasia na Zipora waliongozana hadi ofisi ya Mfuko. Waliulizwa maswali, michango yao ikakaguliwa, wakaambiwa wanastahili. Fao halikuwa kubwa kama mshahara, lakini lilitosha kununua unga, na Fredy hakukosa shule.

Nafasi za mafunzo zilipotangazwa, Generosa alikuja kugonga mlango kama alivyosema. Ritha, Eufrasia na Zipora wote wakapata. Kukata kitambaa kulimsumbua Ritha. Suruali yake ya kwanza ilikuwa na mguu mmoja unaotazama Mwanza na mwingine unaotazama Tabora. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. "Fumua, mayu, mama yangu, uanze upya," alisema. Ritha alifumua, akaanza upya. Ya pili ilikaa vizuri zaidi. Ya tatu Stanslaus aliivaa sokoni.

Walipomaliza mafunzo, waliunda kikundi na wanawake wengine waliotoka kiwandani. Generosa aliwaelekeza namna ya kuomba halmashauri mkopo usio na riba, ule wa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Walisubiri, wakapata, wakanunua cherehani.

Kazi yao kubwa ya kwanza ilikuwa sare za kwaya moja ya Songwa. Walizipeleka wenyewe Jumapili.

Kwaya ilisimama, ngoma zikaanza. Mbele alikuwepo mwimbaji wa sauti ya nne, mzee mnene kuliko wote, aliyekuwa maarufu kwa kucheza. Kila mwaka alichana suruali. Wote walimjua.

Mzee akaruka. Akachuchumaa mpaka chini. Eufrasia akafumba macho. Zipora akamshika Ritha mkono.

Mzee akasimama. Akajipapasa nyuma. Pazima!

"Wabeja sana!" alipaza sauti kuwashukuru, akawanyooshea mkono mafundi wake, kisha akachuchumaa tena. Kanisa zima likapiga vigelegele.