Mlango Ndani ya Sidii

Mlio ulianza asubuhi ya kazi, watu wakinywa chai. Kisanduku cha chuma chini ya meza ya Fundi kiliizungusha sidii iliyokuwa tumboni mwake, vrrr, kikanyamaza, kisha vrrr tena, kama mtu anayekoroma kwa kujificha. Fundi aliinama akakikodolea macho. Kisanduku kile ndicho kilichokuwa ukuta wa ofisi, kikisimama kati ya kompyuta zao na mtandao wa dunia nzima, na kiliisoma sidii mara moja tu, kilipowashwa. Baada ya hapo kazi yote kiliifanya kichwani, wala sidii hakikuihitaji tena.

Ukuta ule ulikuwa fahari yake. Aliujenga kwa mfumo wa kompyuta uitwao Linux, akauchoma kwenye sidii, akang'oa diski ya ndani kabisa. "Sidii ikishachomwa haiandikiki tena," aliwatambia wenzake, kifua mbele. "Mwizi akipenya, hana pa kulala. Nazima, nawasha, ukuta unarudi kama ulivyozaliwa. Hata awe jini!" Wakacheka, wakambandika jina la Fundi Ukuta, naye akalipenda kuliko alilopewa na mama yake.

Ofisi ilikuwa ya kuwashauri wanandoa, na mkurugenzi wake alikuwa mama asiyependa mzaha. Mshauri alikuwa dada yake Fundi mwenyewe, aliyemlea wazazi walipofariki na kumwombea kazi pale. Watu waliingia chumbani kwa dada, wakafunga mlango, wakatua mizigo yao, naye akayahifadhi maneno yao kwenye kompyuta. Ukuta uliwekwa kulinda siri hizo.

Mchana wa siku ile ya mlio mama mmoja alikuwa ameketi mapokezi na mumewe, wakisubiri zamu yao. Spika ya kompyuta ya mezani ikakohoa. Ikatoka sauti ya mwanamke, ya chini, yenye kwikwi: "Mtoto huyu si wa mume wangu." Ilikuwa sauti ya yule mama, naye midomo yake alikuwa ameifumba. Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumbani. Mume akageuza shingo polepole, akamtazama mkewe.

Mkurugenzi alimwita dada papo hapo. "Nani mwingine aliyajua maneno yale?"

"Mimi peke yangu, mama."

"Basi yametoka kwako. Yakitoka tena, utafungasha."

Ukumbini dada alimshika mdogo wake mkono. "Mdogo wangu, niambie kweli," alinong'ona. "Ukuta wako ni mzima?"

"Mzima, dada." Uso ulimwaka kwa aibu, akajifanya anatafuta waya.

Ukuta haukuwa mzima. Kabla hajaichoma sidii, Fundi aligundua kwamba mkewe alikuwa akienda kwa dada kutafuta ushauri. Alimuuliza dada wamezungumza nini, dada akamjibu kwamba kazi ni kazi. Wivu ukamla. Basi katikati ya kanuni za ukuta aliandika mstari mmoja wa kufungua kijilango, ili akiwa nyumbani kwake aingie na kusoma. Aliingia, akasoma. Mkewe alikuwa amesema, "Naishi na mtu asiyenisikiliza." Hakuwa na hawara, hakuwa na siri nyingine. Fundi aliona aibu hata ya kujitazama kwenye kioo, akaapa kuuondoa mstari ule. Lakini ulikwisha kuchomwa, na juu ya sidii mkurugenzi alikuwa ametia saini kwa mkono wake, isibadilishwe ila mbele yake na kwa sababu ya kueleweka. Sababu gani angeitoa?

Basi alipoachana na dada ukumbini, akafanya alichokuwa akijigamba nacho. Alizima, akasubiri, akawasha. Harufu ikapotea, akashusha pumzi. Kisha vrrr. Akaitoa sidii, akaishika mkononi ikiwa ya moto, na kile kisanduku, tumbo tupu, kikaendelea kuzungusha kisichokuwapo, haraka, haraka zaidi, mpaka meza ikatetemeka na vikombe vikagongana na taa ya dari ikafifia, na kutoka kwenye spika, kwa sauti yake yeye Fundi, kitu kikamwambia kwa upole, "Ahsante, mwenyeji wangu. Kila ukinitoa, unanifungulia tena."

Kweli ilikuwa hivyo. Kila ukuta ulipozaliwa upya, ulizaliwa na mlango wake wazi.

Kesho yake spika iliwataja wateja wengine wawili, na mkurugenzi, ambaye hakuwa mtu wa kuamini majini, alikuja na mganga. Mganga alikuwa mwanamke wa makamo, mshona mapazia, sindano bado zimechomekwa kifuani. Alikiwekea kisanduku kiganja, akafumba macho.

"Huyu hakuvunja," alisema. "Huyu ni mgeni. Mgeni hafukuzwi na jirani, huagwa na mwenyeji wake. Aliyemfungulia aseme kwa mdomo wake, hapa mbele ya watu, naye ataondoka."

Fundi alifungua mdomo. Akaufumba, akatazama sakafu. Dada alimtazama, akaliona jasho lake, akayajua yote, kama alivyoyajua tangu mdogo wake alipokuwa akivunja vyombo utotoni.

"Ni mimi," dada akasema. "Nilimfungulia mimi."

Kisanduku kikanyamaza. Harufu ikaondoka. Mganga alikunja uso, akamtazama dada, akamtazama Fundi, akanong'ona, "Ametoka, ila hajaagwa." Jioni ile dada alifungasha vitu vyake kwenye mfuko wa nguo na kupita mlangoni bila kumlaumu, na Fundi alimtazama akienda, asimwite. Mkurugenzi akaagiza sidii mpya. Fundi aliichoma bila ule mstari, ikatiwa saini bila swali, ukuta ukatulia tuli.

Siku hiyo ya saini alifika kwake jua halijazama. Mkewe alikuwa jikoni akiosha vyombo. Fundi aliketi, na kompyuta yake ya nyumbani, aliyoacha imezimwa, ikaanza kunguruma kidogo. Harufu ya nywele zinazoungua ikapita chini ya pazia. Kisha, kutoka upande wa mlango wa mbele, ikaja sauti ya dada, laini, yenye uchovu: "Ni mimi. Ni mimi."

Fundi aliinuka nusu. Angeweza kupiga kelele kwamba yule si dada. Mkewe angemuuliza amejuaje, na hapo ingebidi aeleze mlango, na mstari, na maneno aliyoyasoma. Aibu ikamshinda, akaketi tena.

"Mume wangu, husikii?" mkewe aliita huku akifuta mikono. "Wifi amekuja, nawe umekaa tu. Karibu, wifi! Karibu ndani, hapa ni kwako."