Mpinzani wa Sita Alibisha Hodi

Trésor alichagua wapinzani watano. Alipobonyeza kuanza, majina yaliyojipanga pembeni mwa kioo yalikuwa sita.

Alihesabu tena kwa kidole, kisha akacheka peke yake sebuleni. Mchezo ule alipewa kwenye flash na Nicolas, mwalimu mwenzake wa sekondari, na Nicolas ni mtu wa mizaha, hakosi kutia mkono wake. Huyu wa sita hakuwa na bendera wala jina. Pale ambapo wenzake walikuwa na picha za wafalme na mataji, yeye alikuwa na uso wa mtu aliyekaa kivulini, macho hayaonekani.

Ilikuwa saa nane za mchana, mtaa wote wa Kabondo umelala kwa joto, na umeme ulikuwa umerudi. Walimu walikuwa wamegoma. Mtu mzima mwenye kazi za kufanya angeziba paa linalovuja jikoni, lakini Trésor alikuwa na kompyuta mapajani na hasira moyoni.

Mchezo wenyewe ni wa kujenga himaya. Unaanza na mji mmoja porini, unalima, unachimba, unafundisha askari, na kila mmoja anacheza kwa zamu. Ukimaliza yako unabonyeza, unawaachia wengine. Njia za kushinda ni nyingi. Kuna vita, kuna elimu, kuna dini, na kuna urafiki, yaani mataifa yote yakupigie kura uwe mkubwa wao. Nicolas alishinda kila mara kwa farasi na mikuki, kisha akamtangazia mbele ya walimu wote kwamba anacheza kama padri. Maneno yale yalimkaa Trésor kooni. Safari hii aliapa atashinda, na atashinda kwa upadri huohuo: mji mmoja tu, bila wa pili, kila kitu kiende kwenye mji huo, asifundishe askari hata mmoja, na mkono wowote utakaoleta zawadi asiukatae.

Mji aliuweka kwenye makutano ya mito. Ramani aliichora mwenyewe, mfano wa mto wao, pale chini Isangi ambako Lomami inaingia. Akauita Chimène.

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa mapenzi. Chimène ni dada yake wa mwisho, anasoma chuo kikuu, na tangu wazazi wafariki Trésor ndiye baba na ndiye mama. Atakayemtaka Chimène lazima apite kwake. Alikuwapo kijana wa Yanonge, Osée, mtu mwema, ambaye wazee wake walikwisha kuja kubisha hodi na kreti ya bia. Trésor akawaambia wangoje kwanza mgomo uishe, kwani aliona haya kuwapokea wakwe katika nyumba isiyopakwa rangi. Wazee wakabeba bia yao wakarudi nayo.

Zamu chache zilipita. Kengele ikalia, na uso wa yule wa sita ukajaa kioo kizima. Mchezo wote ulikuwa wa Kifaransa, lakini maneno chini ya uso ule yalikuwa ya Kiswahili: Hodi. Kwenu kuna Chimène? Nimeleta chumvi.

"Nicolas, weye kweli mujinga," Trésor alisema akicheka. Akabonyeza Karibu.

Ikapita sebuleni harufu ya matope ya mto, yale ya chini kabisa yanayopanda na nyavu. Aliinuka akachungulia dirishani. Ua ulikuwa mkavu, na kuku walikuwa wamelala vumbini. Akaketi tena, maana chumvi ilikuwa nyingi na mji wake ulikuwa unakua.

Jioni mkewe Solange alirudi kutoka ofisini kwake komini, kwenye serikali ya mtaa, akapika pondu ya majani ya muhogo na samaki. Chimène alionja, akaisukuma mbali sahani.

"Yaya Solange, chumvi ni mingi," alisema; yaya alimwita kila mkubwa wake, wa kike na wa kiume.

"Chumvi? Sijatia hata kidogo. Nilisahau."

Chimène aliinuka. Alinawa mkono akaingia chumbani, na tangu siku ile hakula tena kitu chenye chumvi.

Yule wa sita akarudi na mbuzi, kundi zima, bila kudai kitu. Trésor akapokea. Mchana ule kwato zilisikika zikigonga saruji chumbani mwa dada yake, taratibu, kama mnyama anayezunguka akitafuta pa kulala. Ikaja zawadi ya taa. Trésor akapokea. Balbu ya chumbani mwa Chimène ikazimika, ikabadilishwa, na nyingine nazo zikazimika, na msichana akawa anasoma vitabu vyake gizani, akifungua kurasa bila taabu. Vikaja vikwembe, vitenge vya thamani, na Trésor akapokea, na kuanzia hapo nguo za Chimène zikawa zimelowa kwenye pindo hata jua likiwaka, na nyayo za maji zikawa zinatoka chumbani mwake mpaka mlango wa nje, nyingine ndogo, za kwake, na nyingine pembeni yake ndefu mno, zisizo na kisigino.

Tuseme ukweli, Trésor aliona. Hakuwa kipofu wala mjinga. Lakini alikuwa anaongoza kwa kura, mataifa yote yanamsujudia, na kila akiweka kidole kuzima mashine alimsikia Nicolas akimcheka. Mchezea zuri baya humfika, na yeye alijua hivyo akaendelea kucheza.

Mchana mmoja wa mvua, Solange akiwa kazini, alisikia mazungumzo chumbani mwa dada yake. Alivua viatu akasogea mlangoni. Chimène alikuwa anasema kwa sauti ya chini, na aliyemjibu alikuwa na sauti ya mtu mwenye maji mdomoni.

"Amemaliza zamu yake?" sauti ile iliuliza.

"Bado," akasema Chimène. "Ngoja. Yaya anamalizaka tu."

Trésor alirudi sebuleni, viatu mkononi. Kwenye kioo uso ulikuwa unamngoja, na safari hii ulikuwa umesogea kidogo kutoka kivulini.

Solange aliporudi, alimkuta mumewe ameketi sakafuni mbali na meza. Alimwambia yote, kwa kunong'ona, macho yakiwa kwenye mlango wa chumba. Solange alisikiliza akiwa bado na mwavuli mkononi.

"Alileta nini kwanza?" aliuliza.

"Chumvi."

"Kisha?"

"Mbuzi. Kisha taa. Kisha vikwembe."

Solange aliweka mwavuli chini. "Trésor, mimi mulinitoaka kwetu na nini?"

Trésor alikumbuka vizuri, kwa sababu gunia la chumvi la mahari ya Solange alilibeba kwa kichwa chake mwenyewe.

"Ile njo mali ya ndoa," Solange alisema polepole. "Chumvi ya mama, mbuzi ya baba, taa, vikwembe. Ule mutu haiko nacheza na weye. Eko naoa Chimène, na weye mukubwa yake uko napokea. Bia ya batu ya Osée ulikatala. Ya huyu umekula yote."

Usiku haukungojwa. Solange alitoka mvuani akarudi na Mama Mwanahamisi, mjane wa Kimaniema ambaye marehemu baba yake, maalimu wa Kasongo, alimwachia kazi ya kuongea na majini. Hakuwa na upole. Alisimama mlangoni, akaziba pua kwa ushungi, akakataa kiti.

"Nitamupiga vita," Trésor alimwambia. "Nianze leo kufundisha askari."

"Leo? Askari wanakomea kuwa wakubwa lini, mwalimu?" Mama Mwanahamisi alimtazama kwa chuki ya wazi. "Jini akiingia mwenyewe, ninamufukuza. Huyu alibisha, mukamuitika. Mwenye kutoa mali hafukuzwe, anarudishiwa. Yote, kwa mukono ule ule ulipokea. Na usizime ile mashini. Ukizima, umemuachia bibi yake."

"Na nikirudisha yote?"

"Mujomba wenu eko wapi?"

"Tonton Hilaire? Isangi."

"Amepata fungu yake?"

"Hapana."

"Basi ndoa haijafunga. Muite mbio, aje akatale mbele ya batu. Mujomba akishakunywa kinywaji ya yule, ndoa imefunga, hata mimi usiniite tena."

Trésor akapiga simu palepale. Tonton Hilaire, ndugu wa marehemu mama yao, aliitika kwa furaha, mtandao ukikatika-katika. Na Trésor, mwalimu, aliyezoea kusimama mbele ya darasa, akashindwa kutamka neno jini kwa mjomba wake. Aliona aibu. Ilimtoka sentensi moja tu.

"Tonton, panda boti ya leo. Kuna maneno ya mali ya Chimène."

"Eh, vizuri. Ninakuja."

Kisha akaketi mbele ya kioo, Solange nyuma yake, Mama Mwanahamisi mlangoni akisoma kwa sauti ya chini, na akaanza kurudisha. Alirudisha vikwembe kwanza, na watu wa mji wake wakaanza kunung'unika. Akarudisha taa, na mtaa baada ya mtaa ukazimika kwenye ramani, na kwa wakati huohuo maji yakaanza kuingia chini ya mlango wa chumba cha Chimène, maji meusi yenye majani yaliyooza, yakitambaa sakafuni mpaka kwenye miguu ya meza, huku yeye akiendelea, hathubutu kutazama chini. Akarudisha mbuzi, na njaa ikaingia mjini, na mataifa yaliyomsujudia yakaondoa kura zao moja moja, na ndani ya chumba mtu akaanza kupiga ukuta kwa viganja vyote viwili, akilia kwa sauti ya Chimène kisha kwa sauti ile nyingine kisha kwa zote mbili kwa pamoja, akisema yaya usifanye, yaya unaniaibisha, yaya mimi ni mke wa mtu. Naye akaendelea kwa vidole vinavyoteleza kwa jasho, akaikusanya chumvi ya mwisho iliyobaki ghalani, akaitoa yote, na mji wa makutano ya mito, mji wake mmoja, ukabaki jina tu juu ya udongo mtupu. Hakuwahi kushindwa vibaya namna ile, na alilia kwa kuomba ashindwe haraka.

Uso uliyapokea yote. Ukaandika: Nimeona. Kisha ukatoweka, na majina pembeni yakabaki matano.

Ukuta ulinyamaza. Walipofungua chumba, Chimène alikuwa amelala kitandani, mkavu, balbu inawaka juu yake. Alifumbua macho akasema ana njaa. Solange alimpa muhogo na samaki, na msichana akalamba chumvi vidoleni kama mtoto. Trésor alipiga magoti hapohapo sakafuni akalia bila kujificha. Mama Mwanahamisi hakufurahi wala hakupumzika.

"Fungu ya mujomba bado," alisema akifunga ushungi. "Chimène alale kati ya batu, kisha mujomba akatale. Mimi naenda."

Walilala wote chumba kimoja, na hakuna kilichotokea. Asubuhi ilikuwa ya jua. Chimène alifagia ua akiimba wimbo wa kanisani, na Trésor alimtuma mtoto wa jirani akawaambie watu wa Osée waje hata kesho, na bia yao, nyumba ikiwa hivihivi.

Tonton Hilaire alifika kabla ya saa sita. Trésor alitoka mbio kumpokea, akasimama njiani. Mzee yule, ambaye miaka yote alivaa kaputula moja na fulana ya kampeni, alikuwa amevaa suti nyeusi mpya. Suruali ilikuwa imelowa kwenye pindo, na suti yote inanuka matope.

"Trésor, weye mutoto muzuri," mzee alisema akimkumbatia, akaingia ndani akajitupa kwenye kiti. "Kumbe bwana ya Chimène ni mutu ya heshima vile. Alinikuta ku port, mbele ya kupanda boti. Njo alinivalisha costume hii. Mbuzi yangu iko inje, nimeifunga."

Solange alishika ukuta. Trésor alichuchumaa mbele ya mjomba wake, akaongea taratibu sana.

"Tonton. Alikupa kinywaji?"

"Alinitilia kikombe, ndiyo."

"Ulikunywa?"

"Nisikunywe juu ya nini?" Mzee alicheka. "Si weye mwenyewe uliniita ku mali?"

Mlango wa chumba ulifunguka nyuma yao. Chimène alikuwa amevaa kikwembe ambacho Solange hakuwahi kukiona, nywele zake zimechanwa vizuri na zinadondosha maji mabegani. Alipita mbele ya kaka yake bila kumtazama, akapiga magoti mbele ya mjomba, akainamisha kichwa. Tonton Hilaire akaweka mkono juu ya kichwa kile na kumbariki, akimtakia ndoa yenye watoto na nyumba yenye chakula, kama walivyobarikiwa wanawake wote wa ukoo wake, na Trésor akamvuta dada yake kwa mkono, akamvuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo, lakini mkono ulikuwa baridi na mzito na haukusogea hata kidogo, na alipofungua mdomo amwambie mjomba aondoe ile baraka, ayateme maneno, avue ile suti, mtu alibisha hodi mlangoni kwa sauti yenye maji, kwa adabu, mara moja tu.

"Karibu, mwanangu," akaitika Tonton Hilaire.