Midomo ya Hanifa Kwenye Pampu

Mimi Mwanapili nina wivu, sikatai. Mume wetu Waziri ana wake wawili: mimi, na Hanifa, mke mdogo. Kila asubuhi sote huteka maji kwenye pampu ya mkono hapa Kinondo. Mimi nilikuwa nikijaza madumu mawili, nahema. Hanifa alijaza sita, na leso haijamteleza. Lo! Roho iliniuma.

Tena akipampu, midomo yake ilichezacheza. Nikasema, huyu ana uganga.

Zilibaki siku nne binti yangu aolewe. Pipa la maji ya pilau lilikuwa tupu.

"Hanifa atakujazia," Waziri akasema.

"Hajazi!" nikafoka. "Pilau ya mwanangu haipikwi kwa maji ya mke mwenzangu!"

Nikaikimbilia pampu. Nikapiga mpini mbiombio. Dumu moja tu, mikono ikaishiwa nguvu. Bi Mbodze, fundi wa pampu, alikuwa akinitazama.

"Shikamoo, Bi Mbodze. Pampu hii mbovu."

"Marahaba. Pampu ni nzima. Mbovu ni mwendo wako."

"Kivipi?"

"Msuli unataka muda wa kukaza, na muda wa kulegea. Wewe waurudisha mpini kabla msuli haujalegea, basi washindana na mwili wako mwenyewe. Tena msuli ukienda mbio sana, nguvu yake hupungua."

"Basi niende polepole kabisa?"

"La! Ukikawia sana, nguvu ipo, lakini maji hayaji. Shika mwendo wa kati. Na usiukumbatie mpini hivyo. Mkono uliokunjika kabisa hauna nguvu. Rudi nyuma hatua moja, uushushe mpini mpaka chini. Ukichoka, pumzika. Msuli uliochoka hukawia kulegea."

"Huo mwendo wa kati nitaujuaje?"

Akacheka. "Mwenzako aliniuliza hivyo hivyo. Kila mpini ukishuka, yeye husema Subhanallah moja."

Kumbe uganga wenyewe ndio huo! Astaghfirullah, niliona haya.

Siku tatu nilipampu kwa Subhanallah. Pipa likajaa mpaka juu. Hanifa akapita, akaiona midomo yangu.

"Dada, umeniibia Subhanallah yangu?"

"Si yako peke yako," nikamjibu. Tukacheka sote.

Pilau ilipikwa kwa maji yangu, na Waziri akala sahani mbili. Wivu bado ninao. Lakini mabega hayaniumi tena, na siku hizi najaza madumu saba. Hanifa sita. Namhesabia kila asubuhi.