Uso wa Upande wa Kulia

Karatasi ilitoka kwenye mtambo wa kuchapia picha ikiwa na joto. Theluji ilijaa barabarani, na karakana haikuwa na moto.

"Inanuka moshi," Perrine alinong'ona.

"Ni wino huo," alisema mumewe, Anselme. "Itundike, mama. Matajiri wa Paris hawasubiri."

Ilikuwa picha ya meko ya ukutani. Kama kawaida ya picha za kuuzia mitindo, meko moja ilibeba mitindo miwili, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, mteja ajichagulie. Kila upande ilisimama sanamu ya mtu. Aliyeibuni ni rafiki yao Josse, marehemu sasa. Yule aliyemletea Perrine maziwa ya moto alipojifungua, akisingizia yamebaki kwao. Akiwa mahututi alimwapisha Anselme: jina langu likae chini ya picha, mke wangu Blaisine apate kuuza michoro yangu mingine, mwanangu ale.

Perrine alitazama chini. Jina lilikuwa la Anselme.

"Umelikwangua la Josse kwenye bamba la shaba la kuchapia!"

"Shh! Maiti hali mkate."

"Blaisine anakula. Na mtoto wake je?"

Ndipo Perrine alipoona kwamba sanamu ya kushoto ilikuwa na uso wa Josse, na ya kulia haikuwa na uso kabisa, laini kama yai, na kutoka ndani ya meko ile ya wino moshi ulianza kutambaa juu ya karatasi, polepole, ukielekea mkono wa Anselme.

Anselme akapiga magoti. "Nitalirudisha, Josse! Naapa!"

Kesho yake alimpa mkewe karatasi yenye jina la Josse. Perrine alilia kwa furaha, akambusu mikono, akambeba mwanawe, akaenda kumwonyesha Blaisine.

Njiani theluji iliidondokea karatasi. Jina likachuruzika.

Wino wa mtambo una mafuta, hauogopi maji. Anselme alikuwa ameliandika kwa kalamu, kwenye karatasi hiyo moja tu, ya kumdanganyia yeye.

Perrine alirudi mbio. Karakana ilinuka nywele zilizoungua. Viatu vya Anselme vilikuwa mbele ya mtambo, vitupu. Kwenye picha, sanamu ya kulia ilikuwa imepata uso. Mdomo wake ulikuwa wazi.

Perrine alimkumbatia mwanawe, akatoka. Kizingitini, juu ya theluji isiyo na nyayo ila zake, palikuwa na kikombe cha maziwa, yakifuka mvuke.