Mjamzito wa Kinyozi

Jumamosi hiyo duka la samaki wa mapambo lilifurika watu, na dada muuzaji, kitambaa cha njano kichwani, mikono ya gauni imelowa hadi viwikoni, hakuwa na nafasi hata ya kujikuna. Mara akajipenyeza kinyozi mmoja, shati jeupe limenyooshwa likanyooka, amekumbatia tangi la kioo kama kichanga.

"Dada, nijazie samaki. Kumi na watano hivi."

"Tangi limekaa na maji muda gani?"

"Ndiyo kwanza nimelinunua."

"Basi leo hupati hata mmoja."

Watu wakaangua kicheko. Kinyozi akaduwaa: kaja kununua, ananyimwa! Dada akamweleza taratibu: maji ya bomba yana dawa inayounguza samaki, kwa hiyo lazima iondolewe, chujio liwashwe, maji yazunguke wiki kadhaa mpaka yatulie, kisha aanze na wawili watatu. "Na chakula kidogo tu. Wanaoanza huwaua kwa kuwashibisha."

"Sawa, Mwalimu."

Tangu hapo akawa haishi kuja. Mara kaleta maji kwenye chupa yapimwe, mara anauliza kama samaki hulala. Simu nazo hazikukoma.

"Mwalimu, mmoja ananikazia macho."

"Labda umemnyoa vibaya."

Kufikia wiki ya sita, kinyozi akiwa na samaki wake watatu, dada alikuwa hafungui duka bila kupaka wanja.

Jioni moja dada akapiga simu yeye mwenyewe. Ikapokelewa na mwanamke.

"Hawezi kuja kwenye simu," sauti ikasema kwa uchovu. "Yuko na mjamzito wake. Tangu asubuhi habanduki."

Dada akakata. Siku tatu hakupokea simu, na ya nne kinyozi akaja mbio, aproni bado shingoni.

"Mwalimu, nimekukosea nini?"

"Foleni iko nyuma yako, kaka."

"Leo nimekuwa kaka?"

"Kamtunze mkeo. Amejifungua salama?"

"Amejifungua! Thelathini na wawili! Wawili kawala mwenyewe kabla sijamtenga."

Ndipo dada akalikumbuka lile jike la samaki wanaozaa badala ya kutaga, lenye mkia wa rangi ya chungwa, alilomfungia mfukoni kwa mikono yake mwenyewe. Akataka sakafu immeze.

"Na aliyepokea simu?"

"Dada yangu. Anasema nimepagawa na samaki, nioe nipate akili. Nikamwambia ninayemtaka yupo, ila kaninunia na sijui kwa nini." Akaivua aproni. "Sasa nakuuliza mbele ya watu wote hawa. Utanikubali?"

"Mjibu basi, binti," akalalama mzee mmoja kwenye foleni, "mfuko wangu unavuja."

Dada akaupokea mfuko wa mzee, akaufunga fundo la pili, la tatu, uso kauinamisha chini kuficha tabasamu.

"Mwambie wifi yangu," akasema, "kesho nakuja kuwaona watoto."