Vazi la Kuruka

Jumatano, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Shedrack alianguka.

Alikuwa ananing'inia juu ya korongo huko Uru, amevaa kinyago na vazi la kijivu la shujaa anayeitwa Majivu. Alishuka mita saba hivi bila kamba, akapiga mwamba kwa kiuno, akabingirika hadi kwenye maji. Kule juu waongozaji wawili wa mlima walibaki wameshika kamba nyepesi, na mwishoni mwake ndoano ya chuma yenye kipande cha mkanda uliochanika.

Kamera haikuzimwa. Hilo nalo liandikwe.

Majivu ni shujaa wa manga, vile vitabu vya katuni vya Wajapani. Filamu ya kwanza ilitengenezwa Moshi kwa kuungaunga, ikapendwa mpaka watoto wa Majengo wakawa wanajipaka majivu usoni na kurukia ukuta wa jirani. Hii ilikuwa ya pili, na safari hii kulikuwa na ruhusa rasmi kutoka Tokyo. Barua ya ruhusa ilibandikwa ukutani katika stoo ya kahawa ya huko Uru waliyoigeuza ofisi, na kila mmoja aliisoma: filamu ikamilike kabla ya mwisho wa mwezi, na mtu yeyote akiumia kwa uzembe wa watengenezaji, ruhusa imekufa.

Saa kumi alasiri polisi wakaenda Majengo kumkamata mshonaji.

Mshonaji mwenyewe ni mzee Swaleh, anayeshona mahema na mabegi ya wapagazi wa mlimani. Ndiye aliyeshona mavazi ya Majivu. Yalikuwa mawili, na kwa nje yalifanana kama mapacha. Moja liliitwa vazi la sura, la kupigwa picha za karibu. Hilo lilivaliwa na Ambrosi, mwigizaji mwenye uso wa kupendeza. La pili liliitwa vazi la kuruka, nalo ndani lilikuwa na mikanda iliyozunguka mapaja na kifua. Hilo lilikuwa la Shedrack, mpagazi wa zamani, ambaye aliruka, akaungua na kugaragara bila mtu yeyote kuujua uso wake.

Rahma, binti wa Swaleh, alikuwa na kazi kwenye filamu hiyo hiyo. Alitunza mwendelezo: anapiga picha kila kitu kwa simu kabla na baada ya kila onyesho, ili shujaa aliyeingia mlangoni na kifungo wazi asitokee upande wa pili kimefungwa. Jumanne alikuwepo kihambani, kwenye shamba la migomba la kwao Elirehema, wakati Ambrosi, ndani ya vazi la sura, alipofyeka migomba mitatu kwa panga mpaka akalalamika kwamba amelowa mkono mzima. Jumatano hakuwepo. Alfajiri Elirehema, mwongozaji na mwenye filamu, alimtuma Chekereni kupiga picha za majaruba ya mpunga. Aliporudi jioni akakuta baba yake yuko mahabusu.

"Afande, baba hakupeleka vazi lolote Uru," alimwambia Sajenti Digna, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza.

"Bosi wenu anasema alilileta mwenyewe saa mbili asubuhi, kwenye begi. Likachanika. Mtu yuko hospitali. Unataka nimkamate nani, cherehani?"

"Baba hashoni mikanda kwa cherehani. Anashona kwa mkono, kwa shazia, ile sindano nene, na uzi wa nta."

"Hayo ni maneno ya mtoto kwa baba yake."

Wakamruhusu dakika tano. Mzee Swaleh alikuwa amekaa kwenye sakafu, kofia yake mkononi.

"Vazi la kuruka nililichukua Jumatatu niliongezee nguvu," alisema. "Nikamwambia Elirehema, Alhamisi nitalirudisha, kabla ya hapo mtu asiruke. Leo nimekwenda kuswali adhuhuri nikaliacha limetundikwa. Nimerudi, halipo. Nikadhani wamekuja kulichukua wenyewe."

"Na mlango?"

"Lini mimi nimefunga mlango kwenda msikitini?"

Rahma alitoka pale amekasirika hadi meno yanamuuma. Kuna watu wanaoiba kwa sababu wana njaa. Lakini kumwibia mtu wakati amesujudu, kisha ukamwita mzembe!

Alhamisi, saa mbili asubuhi, alikuwa wodini. Nyonga ya Shedrack ilivunjika mahali pawili na mgongo uliguswa. Madaktari hawakuwa wamesema kama atatembea.

"Dada Rahma, toka," alisema Shedrack bila kugeuza kichwa. "Baba yako ameniua."

"Nijibu kwanza, ndipo nitoke. Vazi alikupa nani?"

"Elirehema. Alilitoa kwenye begi. Nikamwuliza, aisee, mikanda ya mapajani iko wapi? Akasema mzee Swaleh ameleta asubuhi, amebadilisha, sasa ni huu mmoja wa kiunoni, tena ni imara zaidi. Akanifunga mwenyewe, akachomeka na ndoano."

"Ulimwona baba kwa macho yako?"

"Sikumwona. Ningebisha nini? Mzee amenishonea hema miaka sita mlimani, sijawahi kulowa hata soksi. Akisema inatosha, inatosha."

Hapo machozi yakamtoka, akafoka tena kwamba atoke. Rahma akatoka.

Mkabala na karakana ya Swaleh kuna Bi Mwantum, muuza kanga, ambaye haoni vizuri kwa mbali lakini haikubali habari hiyo.

"Shikamoo, Bi Mwantum."

"Marahaba, mwanangu. Baba amekula? Nitampelekea uji. Sikiliza. Jana adhana ya adhuhuri imekwisha tu, ile Noah yenu yenye picha ya zimwi mlangoni ikasimama hapa. Watoto wakaikimbilia, 'Ambrosi! Ambrosi!' Mtu akaingia kwa baba yako akatoka na furushi."

"Uso uliuona?"

"Kofia hadi puani. Watoto walisema Ambrosi, nami nikasema Ambrosi."

Jambo hilo lilimwingia Rahma vizuri kupita kiasi. Katika kitabu cha pili Majivu anavua kinyago, na wiki iliyopita Elirehema alitangaza kwamba sura itakayoonekana chini yake ni ya Shedrack. Siku hiyo Ambrosi alivunja kiti. Na Noah kwa kawaida aliiendesha yeye.

Saa sita mchana Rahma alimkuta stoo, peke yake, amejiinamia.

"Jana adhuhuri ulifuata nini kwa baba yangu?"

"Mimi? Mae! Jana adhuhuri nilikuwa nimelala natolewa damu ya kumwongezea Shedrack." Ambrosi alichomoa kadi ya mchangia damu mfukoni na kumsukumia. Tarehe ilikuwepo, na saa: sita na dakika arobaini. "Nilikasirika, ndiyo. Nilivunja kiti. Kiti siyo mtu, Rahma."

"Na Noah?"

"Nilipanda gari la wagonjwa pamoja na Shedrack. Ufunguo alibaki nao bosi."

Nyuma yake, kwenye msumari, lilining'inia vazi moja la Majivu. Elirehema alikuwa amelibandika karatasi: SURA. Lilikuwa safi, la kijivu tupu, kana kwamba ndiyo kwanza limetoka kwa fundi. Rahma alilipiga picha, kwa mazoea tu ya kazi, akaondoka. Njia nzima ya kuteremka mjini kitu fulani kilimkera, wala hakukijua ni nini.

Alikijua saa tisa alasiri, mezani kwa Sajenti Digna, vazi lililoanguka lilipotandazwa mbele yake. Mkono wa kulia ulikuwa na michirizi mitatu ya kahawia iliyokolea, na mwingine mmoja ulikatiza kifuani.

"Hii ni nini, afande?"

"Damu na matope. Ndivyo bosi wenu alivyoeleza, na mimi nikaandika."

Rahma alifungua simu. Picha ya Jumanne, saa tatu na dakika kumi: Ambrosi kihambani, panga mkononi, vazi limelowa. Michirizi mitatu ya maji mkono wa kulia. Mmoja kifuani.

Sajenti aliishika simu, akaisogeza kwenye vazi, akaitazama tena. Kisha akainama akaukwangua mchirizi kwa ukucha, akaunusa. Haukubanduka hata chembe. Mwanamke huyu alizaliwa na kukulia kihambani, Kibosho. Uso wake ulibadilika, na ilionekana kwamba hasira ile ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

"Kesho saa nne asubuhi, Uru," alisema. "Usimwambie mtu. Na yule Bi Mwantum aliyerudishwa leo asubuhi, mwambie uji aulete tena, mlango nitaufungua mimi."

Ijumaa, saa nne kamili, Elirehema aliwapokea kwa tabasamu la msiba. Ambrosi alikuwepo. Askari mmoja alisimama mlangoni.

"Karibuni. Jamani, tumeumia sana. Mzee Swaleh tulimwamini."

"Swali dogo," Sajenti Digna alisema. "Jumanne Ambrosi alivaa lipi?"

"La sura. Lile pale."

"Alifyeka migomba nalo?"

"Ndiyo. Mitatu. Lilichafuka kidogo, tukalifua jioni hiyo hiyo."

"Kwa sabuni gani?"

"Sabuni ya unga tu, ya kawaida. Likatakata, si unaona?"

Sajenti akacheka, na kicheko chake hakikuwa na furaha hata kidogo.

"Mangi, wewe umekulia wapi?"

"Kwetu ni hapa hapa Uru."

"Nimeuliza kukulia."

"Dar. Lakini kila Desemba nakuja..."

"Kila Desemba unakuja kula mtori. Ndizi unaikuta kwenye bakuli." Akapiga meza kwa kiganja. "Utomvu wa mgomba hautoki! Leo ni maji, kesho ni kahawia, na utabaki kahawia mpaka nguo iwe tambara la kufutia sufuria. Mimi nilichapwa fimbo kwa sketi moja ya shule. Mtoto yeyote wa mlimani huku analijua hilo, isipokuwa Mchagga wa Desemba. Sasa niambie. Vazi unalosema limetoka Majengo Jumatano asubuhi lilipataje utomvu wa Jumanne wa kihamba chako? Na hili lililofyeka migomba mitatu, mbona halina hata tone?"

Elirehema aligeuka kulitazama vazi lililokuwa kwenye msumari.

Rahma hakungoja. Alilishusha vazi kutoka kwenye msumari na kuligeuza ndani nje, mbele ya wote. Kuzunguka mapaja na kifua kulikuwa na safu za matundu makubwa ya shazia, na hapa na pale vipande vya uzi wa nta vilivyokatwa kwa haraka.

"Hili ndilo la kuruka," alisema. "Ulilichukua kwa baba akiwa msikitini, ukakata mikanda ulitundike kama la sura. Shedrack ulimvika la sura, ukambandikia mkanda wa cherehani kiunoni. Mimi ukanipeleka Chekereni, kwa sababu ulijua ningepiga picha."

"Ruhusa ilikuwa inakwisha!" Elirehema alipiga kelele, na sauti ikampasuka. "Wale waongozaji wa kamba walikuwa wanapanda mlima na wageni Alhamisi, siku sita! Wangerudi mwezi umekwisha. Baba yako anasema Alhamisi, Alhamisi! Ni mruko mmoja tu, sekunde nne. Niliupima ule mkanda, niliuvuta kwa mikono yangu..."

"Kwa mikono yako."

"Alipoanguka nikaikumbuka barua. Uzembe wetu, filamu imekufa, watu thelathini hawana kazi. Ukiwa uzembe wa fundi, haituhusu. Nilifikiri mzee atakaa ndani siku chache, ataachiwa..."

Ambrosi aliinuka, askari akamzuia kifuani kwa mkono.

"Shedrack alikuuliza mikanda iko wapi," Rahma alisema. "Alikuuliza! Kwa nini ulimtaja baba?"

Elirehema alikaa chini. Alijibu polepole, na pengine hilo ndilo neno pekee la kweli alilolitoa wiki ile.

"Kwa sababu ningesema ni mimi, asingeruka."

Sajenti Digna alimfunga pingu mwenyewe. Saa nane mchana mzee Swaleh aliachiwa. Hakwenda nyumbani kuoga. Alikwenda wodini, akakaa na Shedrack mpaka muda wa wageni ulipokwisha, na hakuna aliyesimuliwa waliongea nini. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

Jumapili, baada ya ibada, wazee watatu wa ukoo wa Elirehema walishuka kutoka Uru hadi Majengo, wamevaa makoti. Wa katikati, mjomba wake Eliaichi, alishika jani la isale lililofungwa fundo. Kwa Wachagga jani hilo likiletwa, mkosewa hulipokea na kosa husamehewa. Kulikataa ni aibu isiyosemeka. Mzee Eliaichi alivua kofia na kulinyoosha kwa mikono miwili.

"Ndugu yetu Swaleh. Tunajua wewe si wa mila hii. Lakini hatuna kubwa kuliko hili."

Swaleh alisimama, akawapa viti, akamwambia Rahma alete chai. Jani hakuligusa.

"Mimi nililala sakafuni siku mbili," alisema. "Nimeshainuka. Mmekosea njia, wazee wangu. Aliyeumizwa yuko wodini, na mila hii ni yake. Mpelekeeni yeye. Siku atakayosimama kwa miguu yake akalipokea, njooni na kwangu, nami nitalipokea."

Wazee walitazamana. Chai ililetwa, wakainywa ikiwa ya moto bado, kisha wakaenda hospitali na jani lao.