Barua ya Tezi za Mate

Ijumaa, tarehe 6 Agosti 1999, saa nane na robo mchana, Mzee Mansur, muuza vitambaa wa Voi, aliingia kituo cha polisi amekumbatia chupa ya maji.

"Nimeibiwa barua, afande."

Sajini Loise Mutiso nusura acheke. Barua! Wiki hiyo alikuwa na kesi tatu za mbuzi. Lakini uso wa mzee ulikuwa umesawijika, naye alipiga funda la maji kila baada ya maneno machache, basi Loise akachukua kalamu.

Mansur aliwahi kuugua saratani ya shingo. Mionzi ilimponya, ila iliunguza tezi zake za mate. Tangu hapo kinywa kikavu, mkate haupiti, usingizi wa mang'amung'amu. Kisha redio ikatangaza kwamba wataalamu ng'ambo wamekuza seli changa za binadamu, zinazoweza kugeuka kiungo chochote. Akamwandikia daktari mmoja huko: nifanyieni majaribio mimi. Leo jibu lilifika.

"Ni ya Kiingereza, ningesomewa baada ya swala. Saa sita u nusu nimeitia kwenye mtoto wa meza, nimefunga, nimefunga na duka. Saa nane kasoro narudi, nala bamia yangu hapo mezani, nafungua, hamna!"

"Kufuli zimevunjwa?"

"Nzima. Wenye funguo ni mimi na Mulei, mfanyakazi wangu."

Mulei alifika saa kumi. "Haki ya Mungu, afande, nilikuwa kijijini Mraru tangu saa nne, nimepeleka sare za shule. Uliza mwalimu mkuu."

Loise alipiga simu. Mwalimu mkuu akathibitisha.

Abdulbasit, nduguye Mansur, hakuficha hasira zake. "Mate ni kazi ya Mungu! Nilimkataza kuandika. Lakini tuliswali bega kwa bega, uliza msikiti mzima."

Loise akaenda dukani na Mansur. Bakuli tupu lilikuwa mezani.

"Mzee, Mulei yuko Mraru, wewe msikitini, duka limefungwa. Bamia iliingiaje?"

Mansur alilitazama bakuli. Bamia huja kila siku. Nani humhesabu mleta chakula?

"Nasima," alisema polepole. "Mke wangu. Funguo za akiba ziko nyumbani."

Nasima alipoitwa dukani hakungoja kubanwa. Alitoa barua ndani ya buibui.

"Aliponipigia simu kuwa imefika, niliingiwa na hofu. Nilidhani wanamwita huko wakamkatekate. Nikaichukua, nikasomewa na jirani, mwalimu Evelyn. Kumbe wamekataa. Hizo seli bado zimo kwenye vibakuli vya kioo, tezi hawajaipata, na huenda ikachukua miaka ishirini." Akalia. "Kabla ya kuandika alikuwa hali, afande. Nilimwona anakwisha. Alipoandika, akaanza kula. Ningempaje barua hii?"

Mansur alikunywa maji.

"Ulidhani nala kwa sababu ya daktari? Nilikusikia ukilia jikoni, Nasima. Kila tonge linapita kama mchanga. Nilikuwa nala kwa ajili yako."

Nasima alijifunika uso. Loise, aliyekuwa ameshaandika "wizi", akalikata neno hilo.

"Nifunge kesi, mzee?"

"Funga. Lakini nisomee yote, polepole. Wamejisumbua kunijibu."

Akasogea kwenye benchi la duka, akamwachia mkewe nafasi ya kukaa.